SMUG: Miaka Ishirini ya Taasisi Iliyonyimwa Jina

Taasisi nyingi huhesabu umri wao tangu siku zilipokabidhiwa cheti cha usajili. Sexual Minorities Uganda, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi chake SMUG, haina siku hiyo. Ilianzishwa Kampala mwaka 2004. Ilishitaki na kushinda, ilizika watu wake, ikafungiwa na serikali mwaka 2022, na jina lake halikupata kuingia kwenye daftari la msajili. Historia yake imeshasimuliwa mara nyingi, na kila inaposimuliwa hutangulia jina la David Kato, aliyeuawa, kisha la Frank Mugisha, mkurugenzi aliyepokea tuzo za kimataifa kwa niaba ya wenzake. Wanastahili kutajwa. Lakini mwanzilishi wa taasisi hii, na mtu aliyekuwa sauti yake kwa miaka mingi baadaye, walikuwa wanaume waliobadili jinsia: Victor Mukasa na Pepe Julian Onziema. Walizaliwa wakaandikwa wasichana, wakakua wakijijua ni wanaume. Historia hii nataka niianze kwao.

Naandika nikiwa Siyu, kisiwani Pate, nchini Kenya, mbali sana na Kampala, na huenda msomaji akauliza mtu wa Siyu ana nini na chama cha Uganda. Jibu la kwanza ni kwamba watu wa Siyu tunaijua hali ya kuwekwa pembeni katika kitabu cha mwenzio. Habari za kisiwa hiki zilizoandikwa zimefuata ukoo wa Wanabahani, wafalme wa Pate. Siyu, mji wa mafundi na wanazuoni, mji ulioyarudisha majeshi ya Seyyid Said wa Unguja miaka ya 1840 chini ya Bwana Mataka, mara nyingi huingia katika habari hizo kama mji mkaidi tu unaomsumbua mfalme. Ngome bado imesimama pale ufukweni mwa mkono wa bahari, na hata hiyo watu wanabishana ni nani aliyeijenga.

Jibu la pili ni la sheria. Vifungu vilivyotumika kuwasaka wanachama wa SMUG vilitoka mahali palepale vilipotoka vya kwetu. Waingereza waliandika kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India mwaka 1860, kisha wakakisambaza katika makoloni yao. Uganda ikakipata kama kifungu cha 145, Kenya kama kifungu cha 162. Kadhi wa Siyu hakuwa na habari na maneno yale, wala mfalme wa Buganda. Yaliletwa na meli, na yangali yakituhukumu.

Mwaka 2004, SMUG ilipoanza, mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia wa Uganda, makuchu kama wanavyojiita wenyewe, walikuwa na vikundi vidogo vilivyotawanyika. Freedom and Roam Uganda ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla, na Kasha Jacqueline Nabagesera alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Icebreakers nayo ilizaliwa mwaka huohuo wa 2004. Mukasa alitaka kuwe na mwavuli mmoja wa kuviweka vikundi hivi pamoja, ili mmoja akikamatwa wote wajue, na gazeti likitukana kuwe na mtu wa kujibu. Akawa mwenyekiti. Fedha zilikuwa haba na hakukuwa na ulinzi wowote. Mwaka huohuo Radio Simba ya Kampala ikatozwa faini ya shilingi milioni 1.8 na baraza la utangazaji kwa kosa la kuwapa wanaharakati nafasi ya kuzungumza hewani. Mwezi Julai 2005 Bunge likapiga kura kubadili katiba ili ndoa ya watu wa jinsia moja ipigwe marufuku. Kura hiyo haikuwa imemaliza mwezi mmoja wakati watu walipoivamia nyumba ya Mukasa.

Ilikuwa usiku wa tarehe 20 Julai 2005. Viongozi wa baraza la mtaa, wale wanaoitwa LC1 nchini Uganda, waliingia kwa nguvu nyumbani kwake, viungani mwa Kampala. Mwenyewe hakuwepo. Walibeba karatasi za taasisi, na ndani wakamkuta mgeni wake, Yvonne Oyo, Mkenya. Walimkamata, wakampeleka kwenye ofisi ya mwenyekiti na baadaye kituo cha polisi. Huko alivuliwa nguo na kushikwashikwa na maafisa waliodai wanataka kuhakikisha kama ni mwanamke au mwanamume.

Kitendo hiki nataka nikikalie kidogo, maana ndani yake mna historia yote ya SMUG. Mtu anaweza kufikiri kwamba wanaowinda mashoga huwinda tendo fulani la chumbani. Usiku ule hapakuwa na tendo lolote. Palikuwa na nyumba ya mtu ambaye majirani hawakumuelewa, aliyevaa na kutembea kama mwanamume ilhali walidhani wanajua alizaliwa nini, na palikuwa na mgeni. Kilichochunguzwa ni mwili. Wanaume waliobadili jinsia ndio huwa wa kwanza kufikiwa na mkono huo, kwa kuwa wao hawana pa kujifichia: nguo zao, sauti zao na jina la kwenye kitambulisho vyote vinaonekana mchana kweupe. Mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake anaweza, kwa gharama kubwa ya nafsi, kunyamaza. Mukasa hakuwa na njia hiyo, na nadhani ndiyo maana alikuwa yeye aliyesimama kwanza.

Alijificha kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: mwaka 2006, yeye na Oyo waliishitaki serikali katika Mahakama Kuu. Hukumu ilitolewa tarehe 22 Desemba 2008 na Jaji Stella Arach-Amoko. Hakutaka kuingia katika ubishi wa ushoga. Alichotazama ni kama nyumba ya mtu inaweza kuvamiwa bila hati na mwili wa mtu kuvuliwa nguo bila haki, na akasema hapana. Serikali ikaamriwa imlipe Oyo shilingi milioni 10 na Mukasa shilingi milioni 3. Kitabuni shauri lile limeandikwa kwa jina la Victor Juliet Mukasa, yaani jina alilojipa na jina alilopewa yamewekwa pamoja, kwa kuwa mahakama haikuwa na namna nyingine ya kumwandika. Taasisi isiyo na usajili ilikuwa sasa na hukumu, na hukumu ile ingeibeba miaka miwili baadaye.

Kabla ya hukumu hiyo kulikuwa na mwaka 2007. Mwezi Agosti, SMUG iliita waandishi wa habari Kampala na kuomba jambo moja tu: tuachwe tuishi kwa amani. Mukasa alisema waziwazi. Wengi waliokaa pamoja naye walivaa barakoa ili wasitambuliwe na waajiri na wazazi wao. Siku chache baadaye wachungaji na wafuasi wao wakaandamana kudai wakamatwe. Mwezi Novemba, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walipokutana Kampala, wanaharakati walitolewa nje ya uwanja wa mkutano wa asasi za kiraia. Baadaye Mukasa aliishia uhamishoni, kwanza Afrika Kusini na kisha Marekani.

Kazi ikapokewa na wengine, na mmoja wao alikuwa Pepe Onziema, aliyezaliwa mwaka 1980. Jina lake lilianza kusikika nje ya Uganda mwezi Juni 2008, wakati mkutano wa kimataifa wa watekelezaji wa mipango ya UKIMWI ulipofanyika Kampala. Mkuu wa Tume ya UKIMWI ya Uganda alikuwa ametamka kwamba fedha ni chache na hazitaelekezwa kwa mashoga. Onziema na wenzake wawili waliingia mkutanoni kupinga, wakakamatwa. Walishitakiwa kwa kuingia mahali bila ruhusa, na baadaye mashitaka yakafutwa. Hili nalo halisemwi vya kutosha: mwanamume aliyebadili jinsia alikubali kulala korokoroni kwa ajili ya dawa na kinga za wanaume mashoga.

Mwezi Oktoba 2010 kijigazeti kimoja cha Kampala kilichojiita Rolling Stone, kisichohusiana kwa lolote na jarida la Marekani la jina hilo, kilichapa picha, majina na mahali wanapoishi watu kiliowaita mashoga, pamoja na mwito wa kuwanyonga. Watu watatu walikwenda mahakamani: Kasha Jacqueline, David Kato na Pepe Onziema. Tarehe 30 Desemba 2010 Jaji Kibuuka Musoke aliamua kwamba gazeti limewavunjia haki ya utu na faragha, akalizuia lisichape tena habari kama hizo, na kumpa kila mmoja fidia ya shilingi milioni 1.5. Katika kufikia uamuzi huo aliitegemea hukumu ya Mukasa na Oyo. Nyumba iliyovamiwa mwaka 2005 ndiyo iliyozilinda nyumba za 2010.

Hukumu hiyo ilichelewa kumlinda Kato. Tarehe 26 Januari 2011, hata mwezi haujatimia tangu hukumu, aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Alikuwa afisa wa utetezi wa SMUG. Kijana mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa kosa hilo mwezi Novemba mwaka huo. Mazishini mchungaji aliyeletwa aligeuza mahubiri kuwa shutuma dhidi ya waombolezaji, na Askofu Christopher Senyonjo, mzee ambaye kanisa lake lilikuwa limeshamtenga kwa kusimama na watu hawa, ndiye aliyebaki nao kaburini.

Mwaka mmoja baada ya mazishi hayo, mwezi Machi 2012, SMUG ilivuka bahari. Ilimshitaki mhubiri wa Kimarekani Scott Lively katika mahakama ya Massachusetts, ikidai kwamba semina yake ya Kampala ya Machi 2009 na kazi aliyoendelea kuifanya ndizo zilizochochea mateso. Mswada wa kupinga ushoga wa mbunge David Bahati uliletwa bungeni mwezi Oktoba 2009, miezi saba baada ya semina ile. Mwaka 2017 Jaji Michael Ponsor alilitupa shauri kwa sababu za mamlaka ya mahakama, huku akiandika maneno makali kuhusu mwenendo wa Lively. Kwa chama kisichotambuliwa hata na msajili wa nchi yake, kusikilizwa kwa miaka mitano katika mahakama ya nchi nyingine si jambo dogo.

Kuna siku moja katika historia hii ambayo dunia inaijua pasipo kujua inachokijua. Tarehe 18 Desemba 2012 Onziema alialikwa katika kipindi cha asubuhi cha televisheni ya NBS. Mtangazaji Simon Kaggwa Njala alianza kwa kumuuliza kwa nini yeye ni shoga. Baadaye mchungaji Martin Ssempa aliingia na matunda na mboga, akaanza maonyesho yake. Vipande vya kipindi kile vimezunguka mitandaoni miaka na miaka, na vijana wengi, hata hapa kwetu Lamu, wanacheka swali lile bila kumtazama aliyeulizwa. Mtazame. Ameketi na suti, anajibu kwa sauti ya utulivu, hatukani, haondoki. Alikuwa mwanamume aliyebadili jinsia akiulizwa habari za ushoga na mtu asiyejua kwamba hayo ni mambo mawili: nafsi ya mtu, na moyo wake unaelekea kwa nani.

Mtu aliyelieleza hilo kwa maisha yake kuliko mwingine yeyote ninayemfahamu ni Lou Sullivan, aliyezaliwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1951. Naye aliandikwa msichana, akajijua mwanamume, na akawapenda wanaume. Madaktari waliokuwa na mamlaka ya kumsaidia walimkataa kwa sababu hiyo ya mwisho. Kwa hesabu yao, mwanamume wa kweli lazima apende wanawake, na kama huyu anapenda wanaume, basi abaki mwanamke yaishe. Sullivan alibishana nao kwa miaka, aliwaandikia, aliwapa ushahidi wa watu wengine kama yeye, na mwaka 1986 huko San Francisco akaanzisha kikundi cha wanaume waliobadili jinsia kilichokuja kuitwa FTM International. Mwaka huohuo alijulishwa kwamba ana UKIMWI. Alifariki tarehe 2 Machi 1991. Kabla ya hapo alikuwa ameulazimisha utaalamu wa tiba kukubali kwamba mwanamume aliyebadili jinsia anaweza pia kuwa shoga. Ndiyo sababu haishangazi kwamba Mukasa na Onziema waliyafanya mapambano ya mashoga kuwa yao. Katika maisha ya watu hawa mipaka tunayoichora sisi wa nje haikuwepo.

Miaka iliyofuata niipite haraka, maana habari zake zilijaa magazetini. Sheria ya Kupinga Ushoga ilitiwa saini tarehe 24 Februari 2014 na Mahakama ya Katiba ikaifuta tarehe 1 Agosti mwaka huohuo kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi. Agosti 2016 polisi walivamia sherehe ya fahari mjini Kampala, na watu waliobadili jinsia walikuwa miongoni mwa waliopigwa na kudhalilishwa zaidi. Tarehe 26 Mei 2023 ikatiwa saini sheria nyingine, yenye kifungo cha maisha na, kwa baadhi ya makosa, adhabu ya kifo. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa vifungu vichache na kuuacha mwili wa sheria hiyo umesimama.

Na jina je? Mwaka 2012 SMUG iliomba msajili wa makampuni alihifadhi jina lake. Alikataa, na mwaka 2016 akatoa barua rasmi kwamba jina hilo halifai. Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwezi Juni 2018. Mwezi Agosti 2022 ofisi inayosimamia asasi zisizo za kiserikali iliifunga SMUG kwa kosa la kufanya kazi bila usajili, yaani ileile nchi iliyokataa kuiandika ikaiadhibu kwa kutoandikwa. Machi 2024, mwezi ambao taasisi ingeweza kusherehekea miaka yake ishirini, Mahakama ya Rufani ilishikilia uamuzi wa msajili.

Swali hilohilo liliulizwa Kenya na likajibiwa vingine. Julai 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliiamuru bodi ya asasi kuisajili Transgender Education and Advocacy, chama cha Audrey Mbugua na wenzake. Oktoba mwaka huohuo Baraza la Mitihani likaamriwa kumpa Mbugua cheti kisicho na alama ya jinsia. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kukataa kusajili chama cha mashoga na wasagaji kwa sababu ya jina lake ni ubaguzi. Vifungu vya adhabu vya kikoloni bado vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa tarehe 24 Mei 2019. Lakini mtu wa Siyu anayebeba kitambulisho cha Kenya anaishi chini ya hukumu inayosema watu hawa wana haki ya kukutana na kujiandikisha, apende asipende.

Wapo wengi hapa watakaosema dini haikubali. Siyu ni mji wa Waislamu na sina nia ya kujifanya vingine. Nitasema mawili tu. Fikihi ya Kishafii inayosomeshwa katika madrasa zetu ina milango kuhusu khuntha, yaani mtu mwenye maumbile ya kiume na ya kike, katika mirathi na katika sala. Khuntha si sawa na mtu aliyebadili jinsia, lakini wanazuoni wale walipomkuta mtu asiyeingia kwenye mojawapo ya mafungu mawili walikaa chini wakafikiri namna ya kumpa haki yake. Hawakumvua nguo kituoni. Na pwani hii imewajua mashoga, wasagaji na watu waliovuka mipaka ya jinsia tangu zamani. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd aliandika habari zao mwaka 1987 baada ya kuishi Mombasa, na mabibi zetu hawakuhitaji maandishi yale ili wawajue.

Kinachonisumbua zaidi ni kumbukumbu. Karatasi za kwanza za SMUG zilibebwa na LC1 usiku wa Julai 2005. Nyingine zimetawanyika pamoja na wenyewe, uhamishoni. Taasisi iliyosajiliwa huacha nyaraka kwa msajili hata ikifa. Hii haikuachiwa hata hilo. Waliokuwa vijana mwaka 2004 sasa ni watu wazima, na baadhi yao wameshakufa. Basi nawaomba wanaoandika na wanaofundisha historia ya Afrika Mashariki, Makerere, Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko: warekodini Mukasa, Onziema na wenzao sasa, kwa sauti zao na kwa majina waliyojipa, na mtakapoandika nani aliianzisha SMUG, andikeni kwamba ni mwanamume aliyebadili jinsia aitwaye Victor Mukasa.